Dansi ya Wawili Chini ya Mawenzi

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa cha mzee Ndelilio wa Kirua Vunjo, kiongozi wa wapanda mlima, mtu aliyefika kilele cha Kibo mara nyingi kuliko alivyofika Moshi mjini. Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka wa sabini na mbili, alisimama katikati ya kilabu cha mbege, kata mkononi, akaapa mbele ya wanaume wote kwamba mkamwana wake si mwongo. Akaweka rehani shoka lake la barafu. Na jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe Aikande, ni kwamba yeye mwenyewe hakuamini.

Ngoja nieleze, maana jambo hili lina mizizi.

Mkamwana huyo aliitwa Tamara, na alikuwa Mrusi. Aminieli, mtoto wa mwisho wa Ndelilio, alipelekwa Urusi na serikali kusomea kilimo. Akarudi na cheti, sanduku la vitabu na mke. Mnafikiri watu walimkataa? Wapi! Walimkodolea macho wiki mbili, wiki ya tatu wakamwona yuko kihambani anachuma kahawa bila kuvunja tawi hata moja, mgongoni amefunga mzigo wa majani ya ng'ombe kama aliyezaliwa nao. Mtori aliupika hadi Aikande akasema waziwazi, "Huyu ni wangu, asiniguse mtu." Kiswahili alikipata kwa mwaka mmoja, na Kichagga cha kutukania mbuzi alikipata kwa miezi mitatu tu.

Kilichokataa kuingia vichwani mwa watu ni kazi yake ya zamani.

"Nilikuwa nacheza dansi," aliwaambia jikoni, "juu ya barafu. Kwa mashindano."

Akawatolea viatu. Ruwa, Mungu wangu, viatu gani vile! Vyeupe, virefu kama vya mvua, na chini ya kila soli umesimama ukingo wa chuma mrefu kama kisu cha kuchinjia. Kila Jumapili alivitoa kwenye sanduku, akavifungua kitambaa, akavipaka mafuta vile vyuma, akavifunga tena. Aikande aliwahi kuuliza kwa upole kama vingefaa kukatia migomba.

Akawasimulia. Kwao, baridi ikiingia, watu humwaga maji uwanjani jioni, asubuhi uwanja mzima ni barafu, na watoto wote wako juu yake. Alianza akiwa na miaka saba. Akiwa na kumi na sita wakampa mwenzi, kijana mmoja mrefu aliyeitwa Gleb, kwa sababu mchezo ule si wa mtu mmoja. Ni wa wawili, mwanamume na mwanamke, na hawaruhusiwi kuachana. Ukimwacha mwenzako mkaenda mbali, waamuzi wanakukata maksi. Walifanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri kwa miaka minane. Alivunjika mkono mara mbili na goti mara moja. Wakawa wa tisa katika nchi yao kubwa, wakawa wa sita, kisha mwaka mmoja, piga vigelegele, wakawa wa tatu, wakapelekwa kushindana na Ulaya nzima, wakashika nafasi ya nne. Watu elfu kumi walisimama wakapiga makofi. Mwaka uliofuata aliwaambia wakubwa wa michezo kwamba anaolewa na Mtanzania mmoja mwanafunzi. Wakamwambia achague. Akachagua, na Gleb akapewa msichana mwingine.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Mngemsimulia mtu wa Dodoma habari hiyo, angeamini mara moja, maana barafu hajawahi kuiona, hajui ina tabia gani. Lakini watu wa Kirua Vunjo barafu wanaijua! Wameilala ubavuni, wameikata ngazi kwa shoka, wameshusha maiti za Wazungu waliodhani ni mchanga. Barafu wanayoijua wao imesimama wima kama ukuta wa kanisa, ina mikunjo na mashimo, na ukiikanyaga vibaya unapatikana mwaka ujao. Umwambie mtu kama huyo kwamba kuna mwanamke amevaa visu miguuni na kigauni kifupi, anacheza dansi juu yake akikumbatiwa na kijana, na watu wanapiga makofi? Atakuheshimu kwa kunyamaza, kisha akitoka nje atacheka mpaka adondoshe kofia.

Na Primus hakunyamaza. Primus alikuwa kiongozi wa mlima kama Ndelilio, mdogo kwake kwa miaka kumi, mzuri kazini na mwenye mdomo mchafu. Jumapili ile kilabuni alinyanyua kata yake akasema, "Meku Ndelilio, mzee wetu, mimi shikamoo yako nakupa, lakini mwanao katuletea mwongo. Dansi juu ya barafu! Kesho atatuambia alikuwa anachunga samaki."

Wanaume wakacheka. Na cheko lile lilimchoma Ndelilio mahali pabaya, kwa sababu lilikuwa cheko lake mwenyewe, lile alilokuwa akilicheka kimoyomoyo mwaka mzima. Hasira zikampanda.

"Primus! Unamwita mkamwana wangu mwongo nyumbani kwetu? Atacheza! Atacheza hapa hapa kwenye mlima wetu, na wewe utamwona. Asipocheza, chukua shoka langu."

Shoka lile la barafu, lenye mpini wa mti na ncha ya chuma chini, aliachiwa na kiongozi mkuu aliyemtangulia. Aliyelishika ndiye aliyetangulia mbele ya viongozi wote wa upande ule wa mlima. Kuliweka rehani ilikuwa kama kuweka jina lake.

"Na akicheza," Primus akasema polepole, "nitakuja kwake na jani la isale, nimwombe radhi mbele ya watu wote. Lakini dansi ya wawili, Meku. Kasema mwenyewe ni ya wawili. Kuteleza peke yake hata mbuzi anateleza."

"Ya wawili!" Ndelilio akafoka, akatoka.

Nyumbani alikuta Tamara anakamua ng'ombe. Alimweleza kwa mbali, kama kawaida, maana katika ukoo wa Ndelilio mila ilikuwa kali: baba mkwe na mkamwana hawagusani. Hawapeani mkono. Hata mbege, Tamara aliiweka kata juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo mzee akaichukua. Tangu harusi, ngozi ya yule haikugusa ngozi ya huyu.

Tamara alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, maziwa yakamwagika, akapiga yowe la furaha lililomtoa Aikande jikoni mbio.

"Baba! Kuna barafu ya bapa? Iko wapi? Niambie iko wapi!"

"Kuna kiziwa chini ya Mawenzi," Ndelilio akasema. "Baada ya masika kinajaa. Miezi hii ya baridi kinaganda, alfajiri huwa kama sahani. Lakini jua likikifikia, kwisha habari."

"Twende," akasema Tamara. Akakimbilia lile sanduku la viatu kama mtu aliyeitwa kwao.

Aminieli ndiye angekuwa mwenzi. Mkewe alimfundisha uani siku tano, wakizunguka mti wa kahawa, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, majirani wamejaa kwenye ua wa masale wanacheka hadi machozi. Hakuwa hodari, lakini alijua kushika na kufuata, na Tamara akasema inatosha. Wakaondoka wanne: Ndelilio mbele na shoka, Tamara na viatu vyake shingoni, Aminieli, na Primus nyuma kama shahidi.

Siku ya kwanza msituni walikwenda vizuri. Siku ya pili wakatoka kwenye nyasi, upepo ukaanza kukata, na Tamara akawa anakaza mwendo kila anapoona sakitu, ule umande ulioganda, njiani, anainama, anaigusa, anacheka peke yake. Primus alimtazama kwa jicho la pembeni. Kwenye kibanda cha pili, loo! Aminieli akaanza kutapika. Kichwa kinamwuma, midomo imekuwa ya buluu, hawezi kusimama. Mtoto wa kiongozi wa mlima, amezaliwa ubavuni mwa mlima, na mlima wa kwao umemkataa!

"Ubwabwa wa Urusi umemharibu," Primus akasema, na mara hii hakuna aliyecheka.

Ndelilio alijua dawa ni moja, kushuka. Akamkabidhi kwa wapagazi wawili waliokuwa wakiteremka na mizigo ya Wazungu. Aminieli alimshika mkewe mkono akasema, "Nisamehe." Akashuka anayumba.

Wakabaki watatu. Ndelilio hakulala vizuri. Alikuwa anahesabu: mkamwana, Primus, yeye. Akajiambia, Primus hatacheza, yeye ndiye shahidi na ndiye mpinzani. Mimi siwezi kumgusa. Kwa hiyo shoka limekwenda. Akafungua begi lake akatazama viatu vyake vya kanisani, vya ngozi, soli laini kama sahani. Alivibeba kwa siri tangu nyumbani. Alikuwa amejiambia kwamba kama ni kuaibika, aaibike akiwa amevaa kama mtu mzima.

Walifika kiziwani asubuhi, jua bado liko nyuma ya majabali ya Mawenzi. Na kile kiziwa, jamani! Kilikuwa kimeganda chote, cheusi, kinang'aa, hakina hata mkunjo. Ndelilio akatoboa ukingoni kwa ncha ya shoka, akapima. Vidole vinne.

"Inabeba," akasema. "Kule katikati sikuhakikishii. Na jua likishuka pale kwenye jiwe lile, kila mtu nje. Umesikia?"

Tamara hakusikia. Alikuwa amekaa juu ya jiwe anafunga kamba za viatu, machozi yanamdondoka magotini, na anacheka. Akasimama. Akaingia.

Sijui niseme nini. Ndelilio alikuwa na miaka thelathini juu ya barafu, na miaka yote thelathini alitembea juu yake kama mwizi ndani ya nyumba ya watu. Yule mwanamke aliingia kama mwenye nyumba. Alisukuma mguu mmoja tu, akaenda, akaenda, hatembei lakini anakwenda! Akageuka akawa anarudi kinyumenyume, shuka lake la kitenge linapepea, vile visu vinaimba juu ya barafu. Akazunguka mahali pamoja mpaka uso wake ukapotea. Akasimama ghafla, vumbi jeupe likaruka, na mikono yake imeinuliwa kwa watu elfu kumi wasiokuwepo.

"Mama yangu mzazi," Primus akanong'ona.

Ndelilio alijisikia kifua kinapasuka. Ni kweli! Ni kweli tupu! Mwaka mzima ameishi na ukweli ule nyumbani kwake akauchekea tumboni. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alimgeukia Primus, macho yamemtoka, "Haya sema sasa!"

Primus alikuwa mkaidi, lakini ukaidi wake ulikuwa na kanuni. "Nimeona kuteleza, Meku. Kuteleza kwa ajabu, sijapata kuona. Lakini tuliapia dansi ya wawili."

Tamara alikuwa amefika ukingoni, anahema, mashavu mekundu. Alisikia. Akamtazama mkwewe. Akatazama chini.

"Kwa kweli si dansi, Baba," akasema kwa sauti ndogo. "Peke yangu si dansi. Kweli anasema."

Hapo ndipo Ndelilio alipokaa chini akavua buti zake za misumari, akavaa viatu vya kanisani. Akashika shoka kwenye chuma, akamnyooshea Tamara mpini.

"Shika huko. Mimi huku. Mkono haugusi mkono. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge."

Tamara alishika mpini kwa mikono miwili. "Usitazame miguu," akamwambia. "Nitazame mimi. Na usisimame, Baba. Ukisimama utaanguka."

Basi wakaenda! Mzee wa miaka sitini, kofia ya sufu kichwani, viatu vya kanisani, anavutwa na shoka lake mwenyewe. Mara ya kwanza magoti yaligongana. Mara ya pili alijua namna ya kuegemea. Mara ya tatu Tamara akaanza kumzungusha, moja-mbili-tatu, na kitu fulani tumboni mwa Ndelilio kikafunguka akaanza kucheka kwa sauti, sauti ikagonga majabali ikarudi. Ukingoni Primus alikuwa anaruka bila kujijua. Hakuna aliyelitazama jiwe. Hata Ndelilio, aliyewafundisha vijana wote wa Kirua kutazama jua kabla ya kutazama kilele, hakutazama.

Jua lilikuwa limeshafika.

Barafu ilitoa mlio, paa!, kama kuni mbichi inapopasuka motoni. Mguu wa kulia wa Ndelilio ukazama mpaka pajani, mpini ukamponyoka Tamara mikononi. Baridi ile ilimkata pumzi. Mikono yake ya miaka thelathini ilijua la kufanya bila kuulizwa: piga shoka kwenye barafu, jishikize, jivute. Aliliinua. Na shoka lile likiwa hewani aliona nyufa zinavyokimbia kutoka kwake hadi chini ya miguu ya Tamara. Akipiga, yeye atapona labda. Tamara atakwenda.

"Mkono, Baba!" Tamara alikuwa ameukunjua wake. "Mkono!"

Mila nayo ikasimama pale, kwa pumzi moja tu.

Akaliachia shoka. Lilitumbukia kwenye tundu, likazama jeusi ndani ya maji meusi, na hakulitazama. Akatoa mkono, akashikwa. Ulikuwa mkono mgumu wa mtu anayekamua ng'ombe, na ulimvuta kwa nguvu ambayo hakuidhania. Tamara alikita visu, akajitupa nyuma, mguu ukachomoka.

"Usisimame! Barafu nyembamba haimpendi anayesimama! Zunguka!"

Akamshika na mkono wa pili. Wakazunguka, wamekabiliana, mikono minne imefungana, nyuma yao barafu inapasuka paa! paa!, na kila inapopasuka wao wameshapita. Moja-mbili-tatu. Alimzungusha kulia, akampitisha kushoto, akamwegemeza begani kwake kama alivyokuwa akimwegemea Gleb, na mzee alifuata, wallahi alifuata, kila hatua. Hapakuwa na muda wa kuogopa wala wa kuona haya. Wakafika ukingoni kwa kasi wakamwangukia Primus, wote watatu chini.

Walilala pale wanahema. Suruali ya Ndelilio ilikuwa imeanza kuganda. Wa kwanza kusema alikuwa Primus, na alikuwa analia bila kujificha.

"Nimeona," akasema. "Nimeiona dansi ya wawili. Ruwa ni shahidi." Kisha akakumbuka. "Meku, shoka!"

"Lile lilikuwa dau la mwongo," Ndelilio akajibu. "Mwongo hayupo, la nini?"

Wakati wa kushuka, Primus ametangulia kukoka moto kibandani, Ndelilio alimsubiri Tamara njiani.

"Mwanangu, siku ile nilipokuapia kilabuni, sikuamini. Nilikuapia kwa hasira tu."

"Najua, Baba," Tamara akasema. "Kila nilipovitoa viatu ulikuwa unatoka nje." Akatembea kidogo. "Hata Gleb aliniangusha mara nyingi. Wewe hukuniangusha."

Walipofika mpakani mwa kihamba, Ndelilio alichuma majani mawili ya isale. Moja akampa Primus. Lingine akaenda nalo mpaka mlangoni kwa Aikande, mbele ya majirani waliojaa, na Aminieli amekaa kizingitini, uso umerudi rangi yake.

"Mama," akamwambia mkewe, na kumnyooshea jani, "nimemgusa mkamwana. Mkono wake wa kulia na wa kushoto. Naomba radhi kwako na kwa waliotutangulia."

Jani la isale halikataliwi. Aikande alilipokea. Alimtazama mumewe kuanzia kofia hadi viatu vya kanisani vilivyoharibika, akauliza, "Alicheza?"

"Tulicheza," Ndelilio akasema.

Vigelegele alivyopiga Aikande vilisikika ng'ambo ya mfereji. Primus akaja na jani lake, akaliinamisha mbele ya Tamara, akasema maneno yote aliyoahidi na mengine ambayo hakuahidi. Mbege ikatolewa. Tamara alijaza kata ya kwanza, ya mkwewe, akaileta kama ilivyokuwa ada, akainama kuiweka juu ya kigoda.

Ndelilio alikisogeza kile kigoda kando kwa mguu. Akanyoosha mikono yote miwili.